Plasta zinazovimba: ipi ununue kwa kidonda cha nyumbani

Ukiuguza mtu wa kulala kitandani, iko siku utasimama kwenye kaunta ya duka la dawa, uwekewe plasta aina tatu nne zenye bei zinazopishana mno. Usianze na bei. Jiulize kwanza kidonda kinatoa maji kiasi gani, kwa sababu kazi ya plasta hizi ni kunywa maji na kuvimba, na kila moja ina kiu yake.

Nambari moja kwangu ni haidrokoloidi. Juu ina utando mwembamba usiopitisha maji. Chini imepakwa gundi yenye selulosi, jelatini na pektini. Majimaji ya kidonda yakiigusa, gundi hiyo huvimba ikawa jeli. Inafaa michubuko, malengelenge yaliyopasuka, na vidonda vya kulalia ambavyo bado havijachimba. Hukaa siku 3 hadi 7, kwa hiyo kipande kimoja cha bei kubwa kinaweza kukuokoa na mafungu ya gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda). Chukua kinachozidi kidonda kwa sentimita 2 au 3 kila upande, kipashe moto kwa viganja ndipo ukibandike.

Nilipomfunga mama yangu mzazi kidonda cha kwenye kifandugu, siku ya tatu niliona uvimbe mweupe chini ya plasta. Nikaifungua: ute wa manjano, harufu nzito. Nilitetemeka nikidhani ni usaha. Muuguzi akaosha kwa maji ya chumvi, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi. Ute ule ulikuwa jeli yenyewe. Lakini kingo zikiwa za moto, zimevimba na zinauma, au mgonjwa ana homa, hiyo ni habari nyingine: ondoa plasta, nenda hospitali. Na mguu wa mwenye kisukari usiufunike hivi kwa kujiamulia.

Ya pili, haidrojeli ya shiti, yaani kipande bapa cha jeli. Hii imeshashiba maji tangu kiwandani, hivyo haina nafasi ya kunywa mengi zaidi. Kazi yake ni kukipa maji kidonda kikavu, na kupoza uchungu wa kuungua kidogo, baada ya kupamwagia palipoungua maji ya bomba kwa dakika 20. Kwenye kidonda kinachotiririka italowesha ngozi ya pembeni hadi iwe nyeupe na kulegea.

Aljineti naiweka ya tatu, ingawa kwa kidonda chenye maji mengi ndiyo inayoongoza. Hutokana na mwani wa kahawia (si ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, ambao hutoa karajini, kitu kingine cha kugandisha). Ikilowa hugeuka jeli, ila haijishikizi: lazima ununue na kifuniko. Kwenye kidonda kikavu hugandia.

Gozi kavu ni ya mwisho. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya kilichoachwa kikauke, na gozi hukausha, kisha hung'oa ngozi changa kila ukibadilisha. Kama ndiyo unayoimudu, tafuta iliyopakwa vaselini.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho na ubonyeze pakiti kingo zote. Muuzaji akikukatia nusu kutoka pakiti iliyokwisha funguliwa, mrudishie.