Leginfo ya California: maneno ya mswada utayapata, hali yake uitafute mwenyewe

Anayetaka kujua bunge la jimbo la California linajadili nini hana haja ya kuanza kwingine zaidi ya leginfo.legislature.ca.gov, tovuti rasmi ya bunge hilo. Ni ya bure, haina matangazo, na haikuulizi jina ndipo usome. Maandishi yaliyomo ndiyo hayo hayo yanayopigiwa kura, na kwa hilo tunaipa alama zote. Tatizo lake liko kwingine: inakutandazia kila kitu bila kukuambia waziwazi mswada upi umekufa, upi ungali hai, na upi ulipita kisha ukafutwa na mwingine. Mara nyingi anayesambaza habari potofu kuhusu mswada wa California hakukusudia kudanganya. Amesoma toleo la zamani akidhani ni la sasa.

Tuanze na kutafuta. Kikao cha bunge hili ni cha miaka miwili, na kila kikao kipya kikianza, namba za miswada huanza tena kutoka 1. Herufi AB ni za mswada ulioanzia Assembly na SB ni za ulioanzia Seneti, mabaraza mawili ya bunge hilo. AB 5 iliyotikisa ajira za madereva wa programu za usafiri ni ya kikao cha 2019–2020. Kuna AB 5 nyingine kabla yake na nyingine baada yake, na hazina uhusiano wowote. Kwa hiyo chagua kikao kwanza kwenye orodha ya miaka, ndipo uandike namba. Njia ya mkato ni anwani yenyewe: ukurasa wa kila mswada huishia na kitambulisho kama 201920200AB5. Tarakimu nane za kwanza ni miaka ya kikao, sifuri inayofuata ni alama ya kikao cha kawaida (kikao maalumu kilichoitishwa na gavana hupewa 1 na kuendelea), kisha zinafuata herufi na namba ya mswada. Badilisha kitambulisho hicho kiwe 202520260SB79 na utaufikia mswada wa mwaka 2025 wa nyumba karibu na vituo vya usafiri, bila kupitia utafutaji wowote.

Kutafuta kwa neno kuna mtego mkubwa zaidi. Februari, siku ya mwisho ya kuwasilisha miswada inapokaribia, wabunge huingiza miswada mingi ambayo ni maganda matupu: inabadilisha neno moja lisilo na uzito katika kifungu fulani ili namba iwepo, na yaliyomo yaje baadaye. Ile inayoambatana na bajeti huwa na sentensi moja tu, kwamba bunge lina nia ya kutunga mabadiliko yanayohusu bajeti. Ukitafuta neno "housing" mwezi Machi, ganda hilo halitatokea, kwa sababu neno lenyewe bado halijaandikwa. Juni ikifika, linajazwa kurasa nyingi. AB 130 ya 2025, iliyopunguza masharti ya tathmini ya mazingira kwa miradi mingi ya nyumba mijini, ni ya kundi hili la miswada ya bajeti. Ilitiwa saini tarehe 30 Juni. Mswada mwingine hutumbuliwa katikati ya safari: yaliyokuwamo yanatolewa yote, yanatiwa mambo mengine, namba inabaki ile ile. Dawa ni kurudia utafutaji kila baada ya wiki mbili, na kila wiki kuanzia Agosti.

Kinga iliyopo ni saa 72. Tangu wapiga kura waliporidhia Proposition 54 mwaka 2016, mswada haupigiwi kura ya mwisho kabla toleo lake la mwisho halijakaa mtandaoni saa 72, isipokuwa gavana atangaze dharura. Angalia tarehe ya toleo juu ya ukurasa, hesabu siku tatu, na utajua kura haiwezi kupigwa kabla ya lini.

Ukiufungua mswada utaona vichupo vinane: Text, Votes, History, Bill Analysis, Today's Law As Amended, Compare Versions, Status na Comments To Author. Text ndicho kinachosomwa zaidi, na ndicho kinachokosesha watu zaidi. Maneno yanayoondolewa huchorwa mstari mwekundu katikati, yanayoongezwa huwa ya buluu yaliyolazwa. Mpaka hapo sawa. Ila alama hizo hazina maana moja katika kila toleo. Katika toleo la kwanza, mstari mwekundu unaonyesha kinachotoka kwenye sheria iliyopo. Katika toleo lililorekebishwa, mstari ule ule unaonyesha kinachotoka kwenye toleo lililotangulia la mswada huo huo. Kwa hiyo sentensi iliyochorwa mstari kwenye toleo la nne inaweza kuwa haijawahi kuwa sheria hata siku moja. Atakayeipiga picha na kuandika kwamba California inafuta haki fulani atakuwa amekosea kabisa, na kosa lenyewe litakuwa gumu kulisahihisha kwa sababu picha ni ya kweli.

Kosa la pili hutokea wakati wa kunakili. Ukinakili maandishi hayo na kuyabandika kwenye WhatsApp au barua pepe ya kawaida, mistari na rangi hupotea. Maneno yaliyofutwa na yaliyoongezwa yanaungana kuwa sentensi moja yenye mambo mawili yanayopingana. Usinakili kutoka Text ya toleo lililorekebishwa. Nenda Today's Law As Amended, ambacho huweka mswada dhidi ya sheria ya leo, si dhidi ya toleo la jana. Hicho ndicho kichupo bora kuliko vyote katika tovuti nzima, na inasikitisha kwamba kimewekwa cha tano. Compare Versions kinafaa pale tu unapotaka kujua nini kilibadilika baina ya kamati moja na nyingine.

Ukitaka sheria inavyosimama leo, toka kabisa kwenye ukurasa wa mswada uende California Law kwenye menyu ya juu. AB 5 inatosha kuonyesha sababu. Ukurasa wake unasema, kwa usahihi, kwamba ilikuwa sura ya 296 ya sheria za mwaka 2019 na kwamba iliongeza kifungu cha 2750.3 katika sheria ya kazi. Kifungu hicho hakipo tena. AB 2257 ya mwaka 2020 ilikifuta na kuyahamishia mambo yake kwenye vifungu vya 2775 hadi 2787, pamoja na misamaha mipya ya kazi kadhaa. Toleo la mwisho la AB 5 limebaki pale kama lilivyokuwa siku liliposainiwa, na halitakuonya.

Kabla ya maandishi yenyewe kuna muhtasari wa ofisi ya wanasheria wa bunge. Kiingereza chake ni kizito, lakini kina mpangilio usiobadilika: aya zinazoanza na "Existing law" zinaeleza sheria ya sasa, na zenye "This bill would" zinaeleza mswada unataka nini. Soma hizo za pili kwanza. Chini kabisa ya muhtasari kuna mstari mdogo unaorukwa na wengi, wenye neno Vote. Ukiona "majority", mswada unahitaji kura 41 kati ya 80 katika Assembly na 21 kati ya 40 katika Seneti. Ukiona 2/3, ni 54 na 27. Sababu moja ya 2/3 ni kwamba mswada unaanza kutumika mara tu unapokuwa sheria. Miswada ya kawaida iliyotiwa saini Septemba au Oktoba husubiri tarehe 1 Januari. Miswada ya bajeti haimo katika kanuni hiyo, kwa kuwa inaweza kuanza mara moja kwa wingi wa kawaida.

Namba hizo zina maana unapofungua Votes. Utakuta Ayes, Noes na NVR. Hao wa mwisho ni ambao kura yao haikuandikwa, na kwa kuwa kinachohesabiwa ni 41 ya wajumbe wote, si ya waliopo ukumbini, kunyamaza kunauzuia mswada sawasawa na kupiga kura ya hapana. Unapouliza mbunge wako alisimama wapi, safu ya NVR usiiruke.

History ndiko kufa kwa mswada kunakoandikwa, lakini kwa lugha ya makarani. "Held under submission" maana yake umekwamishwa kamatini, na mara nyingi ndio mwisho wake kwa mwaka huo. Utaikuta sana baada ya vikao vya Mei na Agosti vya kamati za matumizi, ambako miswada ya gharama hukusanywa katika Suspense File; kwa Assembly kiwango ni dola 150,000. Siku ya matokeo mamia ya miswada husomwa moja baada ya nyingine bila mjadala, na sababu ya kukwama haiandikwi popote kwenye tovuti. "Ordered to inactive file" ni kuwekwa kando kwa ombi la mbunge, na mswada unaweza kufufuliwa. "Died pursuant to Art. IV, Sec. 10(c)" haina utata: mswada wa mwaka wa kwanza haukutoka katika baraza lake kufikia 31 Januari ya mwaka wa pili. Lakini SB 1047 ya mwaka 2024, ile ya usalama wa akili bandia, gavana aliikataa tarehe 29 Septemba, na maneno yanayofuata kukataliwa huwa "Consideration of Governor's veto pending". Msomaji mgeni atadhani bunge bado linaujadili. Bunge hili halijabatilisha uamuzi wa gavana wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Maazimio yanatafutwa mahali pale pale, na herufi ndizo zinazotenganisha uzito wake. HR na SR ni kauli za baraza moja tu. ACR na SCR hupitishwa na mabaraza yote mawili, mengi yakiwa ya kuadhimisha siku au kuita barabara jina la mtu. AJR na SJR huwa ujumbe kwa Congress, yaani bunge la taifa la Marekani, au rais. Yote hayo hayaendi kwa gavana. Lakini ACA na SCA, ambayo nayo hayaendi kwa gavana, ni mapendekezo ya kubadilisha katiba ya jimbo: yakipata theluthi mbili katika kila baraza huenda moja kwa moja kwa wapiga kura. ACA 8 ya mwaka 2025, kuhusu mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa Congress, ilipita Agosti na ikapigiwa kura tarehe 4 Novemba kama Proposition 50. Anayepuuza kila kitu chenye jina la azimio angeikosa.

Kitufe cha Track Bill, kinachohitaji akaunti, hukutumia barua pepe hali ya mswada inapobadilika. Kinafanya kazi, ila kwa tarehe za vikao fuata Daily File, ratiba ya kila siku ya kila baraza. Comments To Author humfikia mwandishi wa mswada peke yake. Barua ya kuunga mkono au kupinga ambayo kamati itaihesabu hupitia mfumo tofauti wa barua za msimamo, na kila kamati ina siku yake ya mwisho. Ukichelewa, jina la taasisi yako halitaingia katika orodha ya mwishoni mwa uchambuzi. Uchambuzi wenyewe, katika Bill Analysis, umeandikwa na watumishi wa kamati na husomeka kuliko mswada. Linganisha tu tarehe ya toleo lililochambuliwa na tarehe ya toleo lililo hewani.

Kwa anayefuatilia majimbo mengi, Leginfo haitoshi. LegiScan hubeba majimbo yote 50 pamoja na Congress, na ufunguo wake wa bure kwa waandika programu huruhusu maombi 30,000 kwa mwezi. Usivute kila mswada kila siku. Vuta orodha kuu ya kikao, linganisha thamani ya change_hash, alama inayobadilika kila taarifa za mswada zinapobadilika, na ile uliyohifadhi, kisha omba miswada iliyobadilika pekee. Hapo kiwango hicho kinatosha na kubaki. Hali ya mswada huko huja kama namba, 4 ikiwa umepita na 5 ukiwa umekataliwa na gavana, na hapo ndipo unapopata kwa mara moja lile ambalo History ya California inakulazimisha kulichimba.