Baiskeli ya gia ya mtumba: yamfaa anayeanza kuiendea kazini Mombasa?

Yamfaa, kwa sharti moja: asiihesabu kuwa iko tayari siku ile anayoinunua. Baiskeli hizi za magurudumu ya inchi 26, zenye gia 18 au 21, zinazoshushwa kutoka kwenye makontena na kupangwa kando ya barabara, mara nyingi ni fremu nzima iliyovikwa vitu vilivyochoka. Anayemwachia muuzaji pesa zote hurudi nyumbani na baiskeli ya kutembelea Jumapili. Theluthi ya bajeti ibaki mfukoni kwa ajili ya tairi, raba za breki, waya, madigadi na keria.

Mwendeshaji mpya hujifunza kwa kujaribu na kukosea, na hilo halina ubaya, maadamu anajua kipi cha kujaribia. Urefu wa kiti, upepo wa tairi, gia na njia ya kupita ni vya kujaribu mpaka vikubali. Breki, foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) na fremu havijaribiwi barabarani kati ya matatu na tuktuk. Vitu hivyo hukaguliwa kwa muuzaji, kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza, mwambie akipandishe na kukishusha kiti mbele yako. Nguzo ya kiti ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikana nayo, na hewa ya chumvi ya pwani huzidisha. Ikishaganda, mara nyingi hutolewa kwa msumeno. Baiskeli isiyorekebishika kiti ni ya kimo cha mtu mwingine, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Kisha simama ukiwa umeipanda katikati, miguu chini: kati ya bomba la juu na kinena ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Beba sumaku ndogo. Rimu ya chuma huishika, ya alumini haishiki. Chagua ya alumini. Mvua ikinyesha, raba ya breki huteleza juu ya chuma kilicholowa na umbali wa kusimama huongezeka vibaya. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu, pale raba inapobana. Ukihisi bonde, ukuta umeliwa na rimu imefika mwisho, hivyo bei ishuke kwa thamani ya gurudumu. Kuyumba kidogo si neno. Fundi ataweka sawa kwa kukaza spoki.

Mnyororo hupimwa kwa futi ya fundi wa nguo. Weka sifuri katikati ya pini moja: alama ya inchi 12 yapasa kuangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikipita alama kwa milimita moja na nusu, mnyororo umechoka. Ikipita kwa milimita tatu, meno ya nyuma nayo yameliwa, na ukifunga mnyororo mpya juu yake utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo hesabu vitu viwili, si kimoja.

Shoki za mbele huwavutia wengi bila sababu. Zikandamize: zisipozama, au zikizama zikabaki huko huko, kutu imeshaingia. Kwa barabara ya lami na vumbi kidogo, foku ngumu ya chuma ni bora na ni nyepesi zaidi. Yenye shoki ya nyuma iache kabisa. Inakula nguvu za miguu, na keria haikai vizuri.

Kuna na hili ambalo wauzaji hawalitaji. Baiskeli iliyotoka Uingereza kwa kawaida ina breki ya mbele mkono wa kulia, sawa na bodaboda. Zilizotoka bara la Ulaya kwa kawaida ni kinyume: ya mbele iko kushoto. Aliyezoea pikipiki akibana kwa hofu mkono asioujua, anaweza kurushwa juu ya usukani. Kubadilisha ni kuhamisha waya mbili tu, kwa hiyo fanya kabla ya safari ya kwanza. Ukiwa hapo hapo badilisha na waya zenyewe kama zina kutu, na raba zote nne. Raba ibane rimu peke yake: ikigusa tairi itaitoboa, ikishuka chini ya rimu itaingia kwenye spoki.

Sasa ya kujaribu. Kiti kianze hivi: weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Baada ya hapo mwili ndio utakaosema. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, au nyonga zikiyumba huku na huku, kiko juu. Songeza nusu sentimita tu, uendeshe siku mbili tatu, ndipo uguse tena. Anayebadilisha kiti, usukani na tairi kwa siku moja hatajua kipi kilichomponya na kipi kilichomuumiza. Nguzo isivutwe kupita alama iliyochorwa juu yake, la sivyo itavunja fremu.

Tairi za vinundu vikubwa zinazokuja na baiskeli hizi ni za matope. Kwenye lami huvuma na kukuchosha bure. Zilizo laini, za 26 kwa 1.5 au 1.75, ndizo za kununua kwanza. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha safari kwa kiasi hicho. Valvu nyingi za mtumba ni za aina ya gari, kwa hiyo kituo chochote cha petroli kitakujazia. Lakini mashine ile imetengenezwa kwa tairi kubwa: bonyeza kidogo kidogo, upime, la sivyo tyubu italipuka kabla hujaondoa mkono. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Anza katikati yake na uongeze kidogo nyuma, kwa sababu ndiko uzito uliko.

Pancha zitakuja, na kila shimo lina maelezo yake. Mashimo mawili yaliyolingana ubavu kwa ubavu ni upepo mdogo: umegonga ukingo wa shimo la barabara na rimu ikaibana tyubu. Shimo upande wa ndani, unaotazama rimu, ni utepe wa rimu uliochakaa na vichwa vya spoki kujitokeza. Tyubu ikichanika kwenye shina la valvu, tairi inateleza juu ya rimu, tena kwa upepo mdogo. Shimo dogo kama la sindano upande wa nje, hasa kwa wanaopita Makupa na Changamwe, mara nyingi ni uzi wa chuma uliotoka kwenye tairi za trela zilizopasuka. Uzi huo hauonekani kwa macho. Pitisha pamba ndani ya tairi, itanasa pale ulipo, kisha uung'oe kwa koleo. Anayeziba tyubu bila kuutafuta atapata pancha ya pili kabla hajafika Mwembe Tayari.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Mara moja kwa wiki futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili kwenye kila pingili, zungusha pedali nyuma, kisha ufute tena mpaka nje pabaki pakavu. Oili inatakiwa ndani ya pingili. Ya nje hukusanya mchanga na kugeuka kuwa msasa. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi hupenda kuitoa bure, ina unga wa chuma ndani yake, basi shukuru na uiache. Na usiipeleke baiskeli kwa waosha pikipiki: maji ya mashine hupenya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kusukuma grisi nje, na baada ya wiki chache goroli zinaanza kusaga. Ndoo ya maji ya bomba na kitambaa vinatosha.

Wengine husema Mombasa ni tambarare, gia za nini? Wamesahau upepo. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, anayerudi Bamburi au Mtwapa jioni anaukuta usoni njia nzima. Wakati wa kusi, ni zamu ya anayeingia mjini asubuhi. Kuna na mwinuko wa daraja la Nyali, na ule mteremko wa feri ya Likoni ambao kwa umati uliopo ni wa kushuka na kusukuma. Weka mnyororo kwenye duara la kati mbele, utumie tatu nne za katikati nyuma. Gia ikisita kupanda meno makubwa ya nyuma, fungua nusu mzunguko skrubu ya kurekebishia waya, ile izungushwayo kwa vidole, ujaribu, basi. Skrubu mbili ndogo zinazozuia mnyororo usiangukie spoki wala upande wa fremu mwachie fundi.

Kutoka Bamburi hadi mjini ni kama dakika 45 kwa mwendo wa anayeanza. Mkoba mgongoni utalowesha shati kabla ya Kongowea. Ufunge kwenye keria na ubebe shati la pili. Madigadi ziwe ndefu, hasa masika. Taa nyekundu ya nyuma ni lazima: jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima na giza huingia upesi. Kwenye makutano ya Changamwe usipite kushoto kwa trela hata kama imesimama, dereva hakuoni.

Mvaa buibui au kanzu ana hesabu nyingine. Baiskeli hizi hazina kifuniko cha mnyororo, na kipande kinachouzwa peke yake mara nyingi hakikai penye gia tatu mbele. Huyo atafute ya kike yenye bomba la chini, gia chache na kifuniko kamili. Huonekana mara moja moja kwenye mizigo hiyo hiyo.

Na Black Mamba, ile baiskeli ya kizamani isiyo na gia? Ni nzito, karibu kilo 20, breki zake, zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya na kubana rimu za chuma, ni dhaifu mvuani, na valvu yake ya kizamani haiingii mdomo wa pampu ya petroli. Lakini keria yake haina mpinzani, na vipuri vya inchi 28 viko kwa kila fundi wa mtaani. Anayebeba mitungi ya maji au magunia ya makaa anunue hiyo, asipoteze pesa kwenye gia.