Raiza za PCIe 009S: kadi tatu kwenye madabodi moja

Raiza ni kibao kidogo chenye kebo kinachokuwezesha kuchomeka kadi ya michoro (GPU) mbali na madabodi, kupitia sloti ndogo ya PCIe. Madabodi yangu ni ya chipseti ya B450, ina sloti moja ya x16 (ile ndefu, yenye njia 16 za data) na mbili za x1 (fupi, njia moja). Nilitaka kadi tatu za RTX 3060 zirenda (zitengeneze picha za 3D) kwa programu ya Blender: moja imekaa yenyewe kwenye x16, mbili zinaning'inia kwenye raiza. Kwa kurenda, nazisifu. Kwa gemu, hifadhi pesa yako.

Usalama wote uko kwenye umeme. Kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti, na mzigo huo sasa unabebwa na raiza. Plagi ya SATA mwisho wake ni ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kwa hiyo ule waya wa SATA kwenda pini 6 unaokuja na raiza, tupa; plastiki yake huyeyuka. Tumia pini 6 inayotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, ileile inayolisha kadi. Kadi kwenye saplai moja na raiza kwenye nyingine ni kujitafutia balaa.

Kebo inafanana na ya USB 3.0, lakini kinachopita humo ni PCIe. Ukiichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta unaweza kuunguza kitu.

Washa na kadi moja kwanza, weka draiva, kisha ongeza nyingine mojamoja. Kwenye BIOS (mipangilio ya madabodi) washa Above 4G Decoding, inayozipa kadi nyingi nafasi ya anwani za memori, la sivyo skrini inabaki nyeusi au Windows inatoa kosa la Code 12. Kadi ikipotea katikati ya kazi, badilisha kebo kabla ya kuilaumu kadi. Hapo ndipo raiza hizi zilipo dhaifu. Ikiendelea, shusha sloti hadi Gen1 (kizazi cha kwanza cha PCIe, chenye kasi ndogo).

Kuhusu kasi: x1 za B450 ni Gen2, takriban MB 500 kwa sekunde. Sini (scene, yaani mandhari nzima ya kurenda) ya GB 8 huchukua kama sekunde 16 kuingia, baada ya hapo kadi inarenda kwa kasi yake ya kawaida. Kwenye animesheni washa Persistent Data, inayobakiza data ya sini kati ya fremu, usije ukalipa muda huo kila fremu. Memori nayo haijumlishwi: sini lazima ienee kwenye GB 12 za kila kadi.

Kadi tatu ni wati 510, bado prosesa. Saplai ya 850 inatosha, nami nimezibana kwa amri ya nvidia-smi -pl 130, yaani kila kadi isizidi wati 130. Joto limepungua zaidi kuliko kasi ilivyopungua.