Dram za breki za MGA 1500: ukereze za zamani, ununue spea mpya, au uweke diski?

MGA 1500, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1955 hadi 1959, ikiwa na dram (ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu) za Lockheed za inchi 10 kwenye magurudumu yote manne. MGA 1600 ilipotoka mwaka 1959 iliwekewa diski (sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili) mbele, na tangu hapo kila mwenye 1500 huambiwa gari lake halina breki. Si kweli. Gari lenyewe ni kilo 900 hivi na injini ya cc 1489. Dram zikiwa duara na brekishuu (vipande vya ndani vinavyosukumwa kuishika dram) zikizikaa sawasawa, linasimama vizuri. Kasoro ni kwamba spea nyingi za leo hazikai zikitoka tu kwenye boksi.

Brekishuu ndizo zinazoudhi kuliko spea zote. Mpya hukatwa mviringo wa dram mpya, yaani milimita 254. Dram yako imeshakerezwa mara mbili tatu tangu wakati wa babu, sasa ina 255. Ukifunga, brekishuu inagusa katikati tu, ncha zote mbili zinaelea. Ukikanyaga pedali brekishuu inapinda kidogo, mguu unahisi kama unakanyaga sponji, na fundi anatoa upepo kwenye mabomba ya breki siku nzima bila mafanikio kwa sababu upepo haumo. Mviringo wa brekishuu ukiwa mkubwa kuliko wa dram mambo hugeuka: zinashika kwenye ncha, zinapiga kelele, na gari linavuta upande mmoja.

Kipimo hakihitaji mashine. Paka chaki juu ya lainingi (ngozi ya msuguano ya brekishuu), rudisha dram, mtu akanyage breki kidogo huku wewe ukizungusha gurudumu, kisha fungua. Pale chaki ilipofutika ndipo panapogusa. Unataka alama pana kuanzia katikati, na mwanya mdogo sana kwenye ncha, kama milimita 0.2. Ukiona mstari mwembamba wa vidole viwili katikati, zipeleke zisagwe kufuata dram yake, kila gurudumu na zake. Muuzaji anayekuuliza kipenyo cha dram kabla hajakuuzia brekishuu, mng'ang'anie.

Kabla ya hapo pima dram zenyewe. Kwa dram za inchi 10 mafundi hawazidishi milimita 1.5 juu ya kipenyo cha asili. Ikizidi hapo, ukuta umekuwa mwembamba na unapata joto haraka. Ining'inize uigonge kwa nyundo ndogo: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio mfu. Ikerezwe ikiwa imefungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yake, la sivyo utatoka na dram duara inayozunguka upogo, na pedali itacheza mguuni. Kama bado zina nyama, kukereza za zamani kunashinda kununua mpya, maana hata dram mpya inafaa ikaguliwe upogo kabla ya kufungwa.

Kwenye silinda zinazosukuma brekishuu jibu si moja. Mbele kuna mbili kila gurudumu, nyuma moja, jumla sita. Chuma kikiwa na vishimo vya kutu, kukwangua kwa jiwe na kuweka raba mpya ni kazi ya miezi michache, kwa kuwa raba inapita juu ya vishimo vilevile. Kuvalisha ndani bomba la shaba au chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko silinda mpya ya bei rahisi. Za nyuma zina ugonjwa wao: silinda inatakiwa iteleze kwenye tundu lake ili isukume brekishuu zote mbili. Kutu ikiishika hapo, brekishuu moja inaisha na nyingine inabaki na unene wake. Hozi tatu za mpira badilisha bila kufikiria. Ikivimba ndani inapitisha oili ya breki kwenda na kuizuia kurudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Kosa la kufunga linalotisha liko mbele. Brekishuu zote mbili hapo zimepangwa zijivute kwa mzunguko wa gurudumu linapokwenda mbele. Ukichanganya bamba linalobeba brekishuu la kushoto na la kulia, zote zinasukumwa mbali na dram: gari linakataa kusimama likienda mbele, ila likirudi nyuma linashika ajabu.

Kurekebisha umbali wa brekishuu na dram ni kwa vishikizo vyenye meno viitwavyo Micram, viwili kila gurudumu la mbele, kimoja nyuma. Kaza mpaka gurudumu ligome, legeza jino moja, kanyaga pedali kwa nguvu brekishuu zijipange, urudie. Rimu za spoku lazima zitolewe; za bati zina tundu la kufikia Micram. Wakati wa kutoa upepo ziache brekishuu zimekazwa kabisa, pistoni zisiende mbali.

Sasa kit ya diski, yaani seti ya kubadilisha dram za mbele ziwe diski. Faida yake ni joto, na ni faida ya kweli. Dram ikipanda nyuzi 200 kipenyo kinaongezeka kama nusu milimita na kuikimbia brekishuu. Kwenye mteremko mrefu au mashindano utaisikia pedali ikizama. Diski haina shida hiyo. Lakini diski haijivuti, na MGA haina buster (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki), kwa hiyo mguu utafanya kazi zaidi. Valvu iliyo mwisho wa masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), inayobakiza shinikizo kwa ajili ya dram, ukiiacha ilivyo brekipedi zitasugua muda wote. Angalia pia nati za mabomba: za gari ni UNF (meno ya kipimo cha inchi), na kalipa (kibano cha diski) nyingi za kisasa zina M10×1, meno ya kipimo cha milimita. Nati ya inchi 3/8 inaingia kwenye tundu la M10, inakaza kidogo, halafu meno yanakatika siku ya kukanyaga kwa nguvu. Kit isiyokuja na mabomba yake irudishe.

Kwa gari la matembezi ya wikendi, uamuzi wetu ni kukereza, kusaga brekishuu na kuvalisha silinda. Wa mashindano aweke diski na atunze dram kwenye boksi. Lainingi za zamani zina asbesto, hivyo vumbi lilowekwe maji, lisipulizwe kwa kompresa. Ukishafunga, tembea kilomita 300 bila kukanyaga kwa hasira, kisha rudi kwenye Micram: karibu kila mara kuna jino moja la kukaza.