Kosa la Bosi, Kifungo cha Dereva: Uzoefu Wangu na Filamu ya Üç Maymun

Nimekuwa dereva wa bosi jijini Dar es Salaam kwa miaka kumi na miwili, na katika kazi hii simu ninayoiogopa kuliko zote ni ile inayolia baada ya saa sita usiku. Mchana bosi akipiga anataka gari, lakini usiku wa manane akipiga ujue kuna jambo limeharibika. Ndiyo maana filamu ya Kituruki iitwayo Üç Maymun, yaani Nyani Watatu, ilinishika tangu mwanzo. Simu ya namna hiyo inalia humo katika nyumba ya dereva aitwaye Eyüp, naye anaamka na kwenda kumsikiliza aliyempigia.

Aliyempigia ni Servet, mwanasiasa anayegombea katika uchaguzi, mtu ambaye kwetu angeitwa mheshimiwa. Kabla ya hapo tumemwona akiendesha peke yake usiku kwenye barabara inayopita msituni, usingizi umemlemea hadi kope zinagusana. Kamera inasimama mahali pamoja na kuliacha gari liende zake, taa zake za nyuma zikizidi kuwa ndogo mpaka giza linazimeza, na ndipo tunaposikia kwamba kuna ajali. Mtu amegongwa, amelala barabarani. Gari jingine linatokea, Servet anajificha nyuma ya gari lake, na waliomo katika gari hilo wanaangalia kisha wanaondoka. Basi ombi analompa Eyüp ni jepesi kulitamka: aseme kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, akubali kifungo ambacho hakitazidi mwaka mmoja, mshahara wake utaendelea kufika nyumbani kila mwezi, na siku atakapotoka atalipwa fedha nyingi kwa mkupuo. Eyüp anakubali. Hakuna aliyemtishia kwa silaha, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu dereva yeyote anajua kwamba ombi la bosi, hata likisemwa kwa upole na kwa sauti ya kubembeleza, halina mlango wa kutokea.

Filamu hii iliongozwa na Nuri Bilge Ceylan, na mwaka 2008 ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, ambako aliitunukia nchi yake tuzo hiyo, akiitaja kuwa nchi nzuri na pweke anayoipenda sana. Hadithi aliiandika pamoja na mkewe, Ebru Ceylan, na Ercan Kesal, ambaye ni daktari wa tiba kwa taaluma na ndiye huyo huyo anayeigiza kama Servet. Eyüp anaigizwa na Yavuz Bingöl, anayejulikana kwao pia kama mwimbaji wa nyimbo za kiasili, na mkewe, Hacer, anaigizwa na Hatice Aslan. Wengi wetu tunaifahamu Uturuki kupitia tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, zile za majumba ya kifahari kando ya Bosphorus, mkondo wa bahari unaoigawa Istanbul, na za machozi yanayosindikizwa na vinanda. Istanbul ya filamu hii ni nyingine kabisa. Familia ya Eyüp inaishi upande wa Yedikule, katika nyumba nyembamba ya ghorofa iliyosimama kando ya reli, treni zinapita chini yake na bahari ya Marmara iko mbele yake, na watu hao wanakaa juu kwenye uwazi wa paa wakitazama meli ambazo hakuna hata moja inayokuja kwa ajili yao. Muziki wa kumwambia mtazamaji lini ahuzunike haupo. Unasikia treni, upepo, mlango, pumzi za watu.

Baada ya Eyüp kwenda gerezani, kijana wao İsmail, aliyeshindwa kuingia chuo kikuu na ambaye siku zinampita bila kazi, anamshikilia mama yake aende kwa Servet kuomba sehemu ya fedha zile kabla ya wakati, ili wanunue gari la kutafutia riziki. Baba asiambiwe. Hacer anasitasita, kisha anajipamba na kwenda.

Mkutano huo katika ofisi ya Servet ndio sehemu niliyoirudia mara tatu. Joto ni kali, bosi ana jasho, uchaguzi umemwendea vibaya na hana hamu na mtu. Hacer ameketi kwa adabu, mkoba uko karibu naye, ndipo simu yake inapoanza kulia ndani ya mkoba, na mlio wake ni wimbo wa mapenzi wa mwanamke anayemlilia mtu kwa uchungu. Hacer anaitafuta simu hiyo na haioni. Vidole vinachakura, vitu vinagongana ndani ya mkoba, wimbo unaendelea kumwimbia usoni mwanamume asiyemjua vizuri, na Servet anatazama tu, anamtazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Hakuna neno la kutongozana lililosemwa hapo. Hata hivyo, mtazamaji anaelewa kwamba mpaka umekwisha kuvukwa, na kwamba mwanamke huyo aliyekuja kuomba fedha ameonekana, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kama mwanamke. Kila mlio huo unaporudi baadaye katika filamu, tumbo lilinikaza.

Nilitazama filamu hii nyumbani, pamoja na mke wangu, watoto wakiwa wamelala. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kwa kuwa mke wangu hapendi kusoma maandishi hayo kwa haraka, mimi nilikuwa nikimtafsiria kwa sauti ndogo. Tulipofika pale Eyüp anapokubali ombi, nilinyamaza. Akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amekubali, kisha, sijui kwa nini ilikuwa usiku ule na si usiku mwingine, nikamweleza jambo ambalo nilikuwa nimemficha kwa miaka saba.

Katika kazi niliyokuwa nayo zamani, gari la ofisi liligonga nguzo ya geti usiku mmoja, mimi nikiwa nyumbani. Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wa bosi, na hakuwa na leseni. Hakuna aliyeumia, ila taa na bampa viliharibika vibaya. Asubuhi niliitwa, nikakuta fomu ya bima iko mezani na kalamu imewekwa juu yake, nikaambiwa niandike kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha. Niliandika. Nilipewa shilingi elfu hamsini, ikaitwa ya soda, na nilipofika nyumbani nilimkabidhi mke wangu fedha hizo nikamwambia ni malipo ya saa za ziada. Alizinunulia unga, mafuta na viatu vya shule. Usiku ule mbele ya filamu hakunigombeza. Alisema tu kwamba angependa kujua viatu vile vilinunuliwa kwa fedha gani.

Nadhani ndiyo sababu siwezi kuiona filamu hii kama hadithi ya mke aliyemsaliti mumewe akiwa kifungoni, ingawa wengi wataieleza hivyo. Usaliti wa kwanza ulifanyika kando ya maji, usiku, kati ya wanaume wawili waliokubaliana bei ya uongo. Yaliyotokea baadaye katika ofisi na katika chumba cha kulala ni riba ya deni hilo, na wanaoilipa ni Hacer na İsmail, ambao hawakuwapo wakati wa makubaliano.

Tena kila mmoja analipa kwa kunyamaza. Siku moja İsmail anaondoka kwenda kumwona baba yake gerezani, anatapika njiani na kujichafua, anarudi nyumbani kubadilisha nguo, anakuta sauti ambazo hazipaswi kuwamo, na anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Sisi hatuonyeshwi alichokiona, tunaonyeshwa yeye. Baadaye anamkabili mama yake na hata kumpiga kofi, lakini anapoketi mbele ya baba yake hasemi. Hapo ndipo jina la filamu linapoeleweka, maana nyani hao watatu wa kale, waliochongwa katika hekalu la Nikkō huko Japani katika karne ya 17, mmoja ameziba macho, mwingine masikio, wa tatu mdomo. Sisi tuna funika kombe mwanaharamu apite. Katika nyumba ya Eyüp kombe limefunikwa siku zote, na mwanaharamu anaendelea kuketi sebuleni.

Lipo pia jambo la mtoto mdogo, ambalo sikulitarajia katika filamu inayofuata maisha ya kawaida kwa karibu namna hii. Familia hiyo iliwahi kufiwa na mtoto wa kiume, mdogo wa İsmail, na marehemu huyo anatokea mara chache sana, akiwa ameloa maji. Katika tukio moja Eyüp amelala kitandani na mkono mdogo uliolowa unamzunguka shingoni kutoka nyuma. Hakuna anayeeleza alikufaje wala nani alaumiwe. Mke wangu, ambaye tulizika naye mtoto wetu wa kwanza, aliniomba nisimamishe filamu kwa muda hapo, tukakaa, kisha tukaendelea. Alisema kwamba huko ndiko walikojifunzia kunyamaza, kabla hata ya ajali, na mimi naona ameielewa filamu hiyo kuliko nilivyoielewa.

Yapo mambo ambayo hayakuniridhisha. Hacer anampenda Servet kwa nguvu ambayo filamu haituandalii vya kutosha. Tunamwona akimng'ang'ania miguuni kwenye mwinuko kando ya bahari, wawili hao wakiwa wadogo sana katika picha iliyopigwa kutoka mbali, na matusi anayotukanwa yanasikitisha kweli, lakini sikujua ni lini mapenzi hayo yalimea hivyo. Natamani Ceylan angempa mwanamke huyo dakika kumi za kuwa peke yake, nje ya macho ya mume, mwana na bosi. Mwendo wa filamu ni wa polepole, na ingawa ni dakika 109 tu, anayeitazama akiwa amechoka atasinzia. Picha nazo ni za giza, zenye rangi iliyofifia ya kijani na manjano kama chuma kilichoanza kushika kutu. Nilijaribu kuirudia kwenye simu mchana na sikuona karibu chochote. Izime taa ya chumba, tumia runinga, na kama una spika nzuri zitumie, kwa sababu nusu ya filamu iko katika sauti.

Asiyependa kujua mwisho asiisome aya hii. Mauaji yanatokea, polisi wanaanza kuuliza, na Eyüp, aliyekwisha kutoka gerezani na kukuta nyumba ambayo si ile aliyoiacha, anakwenda kwenye mgahawa wa chai kumtafuta kijana maskini aitwaye Bayram, anayefanya kazi hapo na kulala hapo hapo. Anaketi naye. Anaanza kumweleza, kwa upole na kwa sauti ya kubembeleza, kwamba baridi inakuja, kwamba jela kuna joto na chakula, kwamba atakapotoka atakuwa na mtaji. Nilikuwa nimekaa upande wa Eyüp tangu mwanzo wa filamu, dereva kwa dereva, na hapo nilitamani kumshika mkono aondoke. Maneno ni yale yale aliyoambiwa yeye. Hata mkao wake umefanana na wa bosi.

Ningependa madereva wenzangu waitazame, pamoja na wake zao, na waajiri wao pia. Kwangu mimi ni filamu bora kuliko zote nilizoziona kuhusu watu wa kazi yangu, na hiyo kasoro ya Hacer haipunguzi hilo.

Ilipokwisha, radi ikipiga baharini na Eyüp amesimama peke yake juu ya paa huku mvua ikianza, mke wangu aliniuliza, "Na yule aliyegongwa, baba, alikuwa nani?" Sikuwa na jibu. Tulirudisha filamu mwanzo, tukatazama tena barabara ile ya msituni, gari likiwa limesimama na mwili ukiwa umelala pale kwenye lami. Jina lake halikutajwa. Katika filamu nzima hatukuonyeshwa mtu wa kwao aliyekuja kumlilia, na mimi, kwa dakika zote zile, sikuwa nimemkumbuka.