Umetoa AC na feni ya rejeta haiwaki: ununue nini kwanza?

Ukishatoa AC kwenye gari, tatizo linalofuata mara nyingi ni gari kuchemsha kwenye foleni. Mwenye gari anakimbilia dukani kutafuta feni kubwa kuliko ya zamani, na hapo ndipo hela inapopotea bure. Feni yenyewe kwa kawaida ni nzima; kilichokatika ni amri ya kuiwasha. Kabla hujanunua chochote, ipe feni umeme wa betri moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu bila kukwaruza, usiibadilishe.

Magari mengi yana feni mbili, moja ya rejeta na nyingine ya kondensa, yaani rejeta ndogo inayopoza gesi ya AC. Kuna yale ambayo feni hizo zimeungwa kwa mfululizo ili zizunguke polepole: umeme unapita kwenye feni ya kwanza ndipo uingie ya pili, kila moja inapata kama volti 6 tu. Joto likizidi, rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) zinazitenganisha na kila moja inapata volti 12 kamili. Sasa fundi akitoa kondensa na feni yake, ule mwendo wa polepole unakufa kabisa. Feni iliyobaki inakaa kimya mpaka joto lipande sana. Hapo hata ukinunua feni ya bei gani, haitawaka mapema.

Kwa hiyo napanga chaguo tano za kuiwasha feni kwa kipimo kimoja: dereva akisahau kila kitu, je, feni itawaka yenyewe?

Namba moja ni kurudisha mfumo wa gari ulivyokuwa. Iache feni ya kondensa mahali pake hata kama kondensa imetoka, na ununue kilichoharibika tu: rilei, sensa ya joto, au plagi iliyoyeyuka. Kama feni ya pili ilishatupwa, tafuta seti iliyotumika ya gari la aina hiyohiyo, feni zote mbili pamoja na kava lake la plastiki. Usiliache kava. Ndilo linalofanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Bila kava, inavuta kwenye duara la mapanga yake tu na pembe za rejeta zinabaki na joto. Angalia pia plagi ya swichi ya presha ya gesi ya AC isining'inie ovyo, maana kwenye baadhi ya magari kompyuta huiona kama hitilafu na kuwasha feni muda wote.

Namba mbili, na kwa gari la zamani lisilo na kompyuta naiweka sawa na ya kwanza, ni swichi ya joto inayokazwa kwa kuzungusha kwenye rejeta au kwenye kiungo cha mpira wa maji, ikiamrisha rilei. Haina cha kurekebisha, na ndiyo maana naipenda. Soma namba zilizochongwa juu yake: 92/87 maana yake inawasha kwenye nyuzi 92 na kuzima kwenye 87. Thamostati yako (vali inayoruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta) ikianza kufunguka kwenye nyuzi 82, hiyo inafaa. Ukichukua swichi inayozima chini ya joto la thamostati, feni inaweza isizime kabisa. Ukishaifunga, toa hewa yote kwenye mfumo wa maji. Swichi iliyozungukwa na hewa badala ya maji haisomi joto la kweli.

Namba tatu ni kontrola ya kielektroniki inayoongeza kasi ya feni kidogokidogo. Ni kitu kizuri, feni haishtuki kuwaka na altaneta inapumua. Ila kontrola yenyewe hupata joto, inataka sehemu yenye hewa, na ikifa barabarani hutapata ya kubadilisha kirahisi kama rilei.

Namba nne ni zile seti za bei nafuu zenye kisahani cha kuzungusha kupanga joto na kisensa cha kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta. Kisensa hulegea kwa mtikisiko, kikichomoka kinapima hewa, na feni inachelewa.

Ya mwisho ni swichi ya mkono kwenye dashibodi. Iweke kama akiba tu. Siku utakayomwazima ndugu gari bila kumwambia, ndiyo siku gasketi ya silinda hedi itaungua.

Njia yoyote utakayochagua, usibane hela kwenye rilei na waya. Feni moja inaweza kula ampea 20, na wakati wa kuanza inavuta zaidi ya hapo. Nunua rilei ya ampea 40, fyuzi inayolingana na feni yako iwe karibu na betri, na waya wa milimita 4 za mraba, wa chanya na wa ardhi (hasi) pia. Waya mwembamba utauona kwenye plagi: plastiki inakuwa ya kahawia, kisha inalainika, kisha feni inapungua kasi bila sababu inayoonekana.

Kama ni lazima ununue feni mpya, chukua ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta upande wa injini. Ile ya kusukuma, inayokaa mbele palipokuwa na kondensa, huziba hewa gari likiwa mwendoni. Na zikatae zile pini za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi. Feni ikitikisika zinasaga mirija taratibu mpaka rejeta inavuja. Funga kwa mabano kwenye fremu.

Ukimaliza, acha injini ingurume gari likiwa limesimama mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, huku ukiangalia geji ya joto. Mikono na nguo zikae mbali: feni nyingine huwaka hata baada ya kuzima injini.