Kliniki ya kabla ya kupasuliwa, Bukavu: wiki tisa nilizongojeshwa

Nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu, nina watoto watano. Fibroma, yaani uvimbe kwenye kizazi, zilinitesa miaka mitatu. Damu ya mwezi ilikaa siku tisa, mabonge mabonge, na kutoka sokoni kupanda nyumbani nilipumzika njiani mara nne, moyo unapiga kama ngoma.

Hospitali ya kwanza, sitaitaja, ilinipa tarehe ya kutolewa kizazi baada ya siku nne tu. Hawakunitoboa hata kidole. Waliuliza kama pesa iko tayari na kama nina ndugu wawili wa kutoa damu, basi. Wifi yangu akakataa, akanipeleka hospitali nyingine hapa hapa mjini, ambako kila Jumanne wanapima watu wanaongoja operesheni. Huduma hiyo ndiyo ninayoisifu.

Muuguzi alinivuta kope, akatazama viganja, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, udongo unakula?" Niliona haya. Ule udongo mweupe nilikuwa naununua kila siku, nauficha kwenye kitenge, hata mume wangu hajui. Hakunicheka. Alisema hamu ya udongo mara nyingi inakuja pamoja na upungufu wa chuma mwilini, na udongo wenyewe unakishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Miaka yote ya kutibiwa, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Majibu: kipimo cha wingi wa damu, hemoglobini, 7.8. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 12. Feritini, yaani akiba ya chuma, ilikuwa 6, ghala tupu. Docta wa usingizi akaniambia wazi: "Mama, kutoa kizazi kunamwaga damu hata mikononi mwa fundi. Wewe huna ya kumwaga." Akaahirisha wiki tisa. Nililia, nikadhani wanataka kula pesa yangu polepole.

Walinipa dawa ya minyoo, dawa ya kupunguza hedhi, asidi ya foliki, na kidonge cha chuma kimoja tu, leo nameza, kesho napumzika. Zamani nilijinunulia mwenyewe na kumeza vitatu kwa siku, tumbo likiniuma bure. Kumbe ukimeza kingi, mwili unajifungia mlango kwa muda na kingine hakipiti vizuri. Kinamezwa kabla ya kula, na maji ya machungwa. Choo kitakuwa cheusi, walinionya, kwa hiyo sikuogopa.

Chai ndiyo iliyoniuma kuachana nayo, maana nilikunywa na kila chakula. Sasa inangoja saa mbili baada ya kula. Nilijitetea kwamba sombe, majani ya muhogo, haikosi kwangu. Wakasema chuma cha majani kinaingia kidogo. Tia samaki ndani, kamulia ndimu. Samaki! Sambaza zote nilikuwa nauza, watoto na mimi tunakula bugali na majani. Tangu siku ile kikombe kimoja cha sambaza kinabaki nyumbani, hata soko likiwa baya.

Wiki ya sita 10.1. Ya tisa 11.6. Nilipasuliwa, na kaka zangu wawili waliokuja kutoa damu walirudi kazini bila kutolewa hata tone.

Na si kila mtu anangojeshwa. Baba mmoja niliyekaa naye benchi alikuwa na uvimbe wa utumbo usiovumilia wiki nyingi. Yeye chuma alitiwa kwenye mshipa.

Kasoro zipo. Feritini haipimwi pale, damu inatumwa labo nyingine, unalipa kando na unangoja siku tano. Fika kabla ya saa moja asubuhi, la sivyo utasimama. Lakini kinachonikera zaidi ni karatasi ya chakula: imeandikwa Kifaransa kitupu, na nyumbani anayepika ni mama mkwe, asiyesoma Kifaransa. Binti yangu anayesoma mwaka wa tano sekondari ameiandika upya kwa Kiswahili, kurasa mbili, na picha ya kikombe cha chai kilichopigwa mstari. Jumanne iliyopita nilimpelekea muuguzi. Ameibandika mlangoni.